Bastola na bunduki zilizotoka polisi na jeshini: mwongozo kamili wa kununua kihalali Marekani

Idara za polisi za Marekani hazikai na silaha zilezile milele. Kila baada ya miaka kadhaa bastola za askari hukusanywa na kupelekwa kwa msambazaji, na thamani yake hukatwa kwenye bei ya zile mpya. Idara imeokoa fedha, msambazaji amebaki na mamia ya bastola zilizotumika, naye huzisambaza madukani ambako raia huzinunua. Biashara hii ni halali na hufanyika mchana kweupe. Wenzetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku, kuanzia Minneapolis hadi Houston, huziona kwenye makabati ya kioo zikiwa na bei ya kuvutia, wakajiuliza kama kuna mtego. Kwa mtu ambaye sheria inamruhusu, anayejua kukagua chuma na atakayeifungia nyumbani, ni ununuzi mzuri. Kwa mwingine yeyote, urahisi huo utamtokea puani.

Zinatoka wapi, na kwa nini ni rahisi

Ukitaka kujua kwa nini makabati yamejaa bastola za kaliba .40 (upana wa risasi kwa inchi), rudi nyuma hadi tarehe 11 Aprili 1986. Siku hiyo maofisa wa FBI walirushiana risasi na majambazi wawili wa benki katika kaunti ya Dade, Florida. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. FBI ikaona risasi zake hazikuwa na nguvu ya kutosha, ikageukia milimita 10, na kutokana na hiyo kampuni ya Smith & Wesson ikatoa .40 S&W mwaka 1990. Polisi wa nchi nzima wakafuata. Miaka ikapita, risasi za milimita 9 zikaboreshwa, FBI ikarudi huko, na mwaka 2016 ikaipa kampuni ya Glock mkataba wa bastola za milimita 9. Idara nyingi zikageuka tena, na bastola za .40 kama Glock 22, Glock 23, M&P40 na SIG Sauer P229 zikamiminika sokoni.

Kwa hiyo bei ya chini haimaanishi ubovu. Askari hubeba bastola kiunoni kila siku kwa miaka, lakini wengi huifyatua siku za mazoezi tu. Nje inachakaa, ndani mara nyingi bado ni nzima. Ubaya wake ni kwamba risasi za .40 kwa kawaida ni ghali kuliko za 9, na mshtuko wake mkononi ni mkali zaidi. Anayepanga kufanya mazoezi sana apige hesabu ya risasi za mwaka mzima kabla ya kufurahia bei ya bastola.

Upande wa jeshi ni habari nyingine. Bunduki za M16 na M4 za jeshi haziuzwi kwa raia. Hizo ni silaha za otomatiki, yaani hufyatua mfululizo ukishikilia kifyatulio, na sheria ya 1986 inamzuia raia kumiliki bunduki ya otomatiki ambayo haikuwa imesajiliwa kihalali kufikia tarehe 19 Mei mwaka huo. Mtu akikwambia ana M4 halisi ya jeshi anaiuza, ondoka hapo. Kinachomfikia raia ni silaha za zamani: bunduki za M1 Garand, bastola za M1911, na bunduki za nchi nyingine kama Mosin-Nagant ya Urusi au K31 ya Uswisi.

Hatua ya kwanza: je, sheria inakuruhusu wewe?

Hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo mgeni anapoweza kuharibikiwa maisha.

Raia wa Marekani na mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grinkadi, wote wanaweza kununua ikiwa hawana kizuizi kingine. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache, mfano leseni halali ya kuwinda. Asiye na kibali cha kuwepo nchini haruhusiwi kabisa, hata kushika tu. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo kifungo chake kinaweza kuzidi mwaka mmoja haruhusiwi, na vilevile aliyetiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa nyumbani, hata likiwa dogo. Anayetumia bangi naye asijidanganye kwamba jimbo lake limeihalalisha. Fomu ya shirikisho ya kununulia silaha inaonya waziwazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu.

Umri ni miaka 21 kwa bastola na 18 kwa bunduki ndefu, ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni. Majimbo mengine yamepandisha.

Sasa sikiliza vizuri wewe mwenye grinkadi. Kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kukurudisha kwenu, hata kama umeishi huku miaka ishirini, una nyumba na watoto wamezaliwa hapa. Tena fomu ya ununuzi inauliza uraia wako. Ukiweka alama kwamba wewe ni raia wa Marekani wakati bado hujaapa, umetoa kauli ya uongo kwenye fomu ya serikali na umejidai uraia usio wako. Kila kosa kati ya hayo mawili linatosha kukuvurugia ombi la uraia. Andika nchi yako ya kweli na namba yako ya uhamiaji iliyo kwenye kadi. Kama hadhi yako ina utata wowote, kesi iko mahakamani au ombi linasubiri majibu, muone wakili wa uhamiaji kwanza. Bastola haikimbii.

Na kuna hili ombi tunalolijua wote: "Mjomba, nichukulie wewe, mimi karatasi zangu bado." Usikubali, hata kama ni mtoto wa dada yako. Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kwenye kesi ya Abramski, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2014, aliyewahi kuwa polisi alimnunulia mjomba wake Glock 19 kwa fedha za huyo mjomba, apate punguzo wanalopewa askari. Wote wawili walikuwa na haki kamili ya kumiliki silaha. Hatia ikabaki palepale, kwa sababu alijaza kwamba anajinunulia mwenyewe. Tangu 2022 kununua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa kuna kifungu chake, na adhabu yake inafika miaka 15 gerezani. Zawadi ya kweli, kwa fedha zako na kwa mtu anayeruhusiwa, ni jambo tofauti nalo linakubalika.

Hatua ya pili: sheria ya jimbo lako

Usitoe hata dola moja kabla hujaangalia hili. Minnesota inataka kibali cha kununua bastola, ambacho huombwa polisi. Illinois ina kadi yake ya mmiliki, na New York ina leseni ya bastola. California ina orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa na maduka, na bastola nyingi zilizotoka polisi katika majimbo mengine hazimo. Magazini, yaani kisanduku cha risasi, nayo ina mambo yake: Glock 22 ya kawaida hubeba risasi 15, wakati California, New York na New Jersey zinakomea 10. Msambazaji mzuri anayo magazini ya 10, lakini ni wewe wa kuiomba.

Bastola hununuliwa katika jimbo unaloishi. Ukiipata mtandaoni kwa muuzaji wa jimbo jingine, atamtumia muuzaji mwenye leseni wa karibu nawe, na huyo ndiye atakayekukabidhi baada ya kukagua historia yako. Atatoza ada yake. Mpigie simu umuulize ada hiyo kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, kwa sababu ukijumlisha ada, usafirishaji na kodi, ile tofauti na bastola mpya inaweza kuyeyuka.

Hatua ya tatu: soma tangazo kwa makini

Wasambazaji huzipanga kwa madaraja: nzuri sana, nzuri, ya kuridhisha. Kila mmoja ana kipimo chake, hivyo omba picha za bastola yenyewe na si ya mfano. Uliza kizazi chake, yaani ni toleo la ngapi, magazini ngapi zinakuja nayo, na kama vilengeo vya usiku bado vinawaka. Vilengeo hivyo hutumia tritiamu, gesi ya mionzi inayovifanya ving'ae, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Bastola iliyotengenezwa 2011 ikitangazwa kuwa "ina vilengeo vya usiku", tegemea mwanga hafifu tu. Uliza pia idara gani ilikuwa nayo. Wakati mwingine jina au nembo ya idara imechongwa kwenye slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza), na wapenzi wa historia huongeza bei kwa ajili hiyo. Mimi siongezi, nembo hailengi shabaha.

Kuna upande mzito wa biashara hii. Uchunguzi wa wanahabari uliochapishwa 2024, uliotumia takwimu za ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ulionyesha kwamba zaidi ya bunduki 52,000 zilizowahi kuwa za polisi zilikutwa kwenye matukio ya uhalifu tangu 2006. Baadhi ya idara zimeacha kabisa kuuza kwa sababu hiyo. Sidhani mnunuzi mwaminifu abebe lawama ya mhalifu, ila nasisitiza kila makabidhiano yapitie kwa muuzaji mwenye leseni, hata pale ambapo sheria ya jimbo inaruhusu watu binafsi kuuziana mezani. Namba ya silaha yako ikiangaliwa kesho, uwe na karatasi.

Hatua ya nne: siku ya dukani

Beba kitambulisho chenye picha na anwani unayoishi sasa. Wengi hukwama hapa kwa sababu wamehama na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani. Hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kama usajili wa gari, inaweza kusaidia. Utajaza fomu 4473, ile fomu ya shirikisho ya ununuzi, taratibu, bila kubahatisha. Muuzaji ataulizia kwenye NICS, mfumo wa FBI wa kukagua historia za wanunuzi ulioanza 1998, au kwenye mfumo wa jimbo. Majibu ni matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. "Subiri" isikutie hofu, hasa ukiwa na jina ambalo wengi wanalo. Akina Mohamed Ali na akina John Joseph tunalijua hili. Ukikataliwa kimakosa, kuna njia rasmi ya kukata rufaa kwa FBI.

Hatua ya tano: kagua kabla ya kusaini

Muombe muuzaji aitoe magazini, avute slaidi na kuifunga nyuma, kisha nyote wawili mtazame chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na kuhakikisha iko tupu. Hata akiwa ameshatazama yeye, tazama na wewe. Elekeza mdomo wa mtutu chini, mahali salama, na kidole kikae nje ya kifyatulio.

Anza na nje, lakini usikae sana. Glock iliyobebwa ala ngumu miaka minane itakuwa imepauka kwenye kingo za mbele za slaidi, rangi nyeusi imelika hadi chuma cheupe kinaonekana, na ubavu mmoja una mikwaruzo kuliko mwingine. Hayo ni mapambo tu na hayapunguzi kazi. Ninachokitafuta ni ufa: kwenye slaidi karibu na tundu la kutolea maganda, na kwenye plastiki inayozunguka pini za fremu, yaani mwili wa chini wa bastola. Ndani ya fremu kuna vipande vinne vya chuma ambavyo slaidi huteleza juu yake. Viwe vimenyooka, havijameguka.

Linganisha namba. Glock za soko la Marekani huwa na namba moja kwenye kibati cha fremu, kwenye slaidi na kwenye mtutu. Zikitofautiana, kuna aliyechanganya vipuri. Si lazima iwe mbaya, lakini uliza na bei ishuke. Namba iliyokwaruzwa au kufutwa kwenye fremu ni kosa la jinai kuwa nayo, hivyo usiiguse.

Mulika ndani ya mtutu kwa tochi ndogo. Mifereji ionekane wazi na chuma king'ae. Uchafu wa baruti husafishika, vishimo vya kutu havisafishiki. Ukiona pete nyeusi inayozunguka mtutu mahali pamoja, hapo pametuna: risasi ilikwama na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Mtutu huo haufai hata kwa zawadi.

Mwisho muombe ruhusa ujaribu kifyatulio bila risasi. Kivute, ukishikilie, vuta slaidi na kuiachia, kisha legeza kidole polepole mpaka usikie "tak" ya kujirudi. Kikiwa kizito ajabu, huenda idara iliweka springi nzito kwa makusudi. Springi ya kawaida ya kiwandani hurudishwa kwa bei ndogo, na fundi wa silaha atakufanyia kwa dakika chache.

Hatua ya sita: matengenezo ya mwanzo

Badilisha springi kubwa ya slaidi, kwani hujui imefanya kazi kiasi gani nayo si ghali. Ifungue, isafishe, ipake mafuta kidogo. Magazini za zamani zitumie mazoezini, na kwa ulinzi nunua mpya mbili.

Kama ilikuja na risasi za kazini, usizifyatue. Askari hupakia na kupakua bastola kila siku, na risasi ileile ya juu hugongwa kuingia chemba mara nyingi mpaka kichwa kinazama ndani ya ganda. Kikizama, shinikizo la kufyatua hupanda kupita kiasi, na .40 haina subira na jambo hilo. Zipeleke kituo cha shabaha wakusaidie kuzitupa.

Ukitaka ya jeshi: njia ya CMP

Mpango uitwao Civilian Marksmanship Program (CMP) ulitokana na bodi ya kukuza ulengaji iliyoanzishwa 1903, na tangu sheria ya 1996 unaendeshwa na shirika lisilo la serikali. Maduka yake yako Alabama na Camp Perry, Ohio. Huko ndiko M1 Garand huuzwa na chombo kilichopewa kazi hiyo na Bunge lenyewe, zikiwa zimekaguliwa na kupangwa kwa madaraja. Lazima uwe raia, uwe mwanachama wa klabu iliyosajiliwa nao, na uonyeshe kwamba umeshiriki mazoezi ya kulenga. Wenye grinkadi hapa watasubiri kuapa. Ukaguzi wa NICS hufanyika vilevile. Bastola za M1911 hutolewa kwa bahati nasibu na kupokelewa kwa muuzaji mwenye leseni.

Garand ilibuniwa na John Garand, mzaliwa wa Quebec, ikaingia jeshini 1936, na zaidi ya milioni 5 zilitengenezwa. Hulishwa kibanio chenye risasi nane za .30-06, nacho huruka nje kwa mlio wake maarufu zikiisha. Usiipe risasi kali za kuwindia zinazouzwa leo: shinikizo lake la gesi linaweza kupinda fimbo inayoendesha mitambo. Tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya Garand. Na unapopakia, angalia kidole gumba. Bolti, kipande cha chuma kinachofunga chemba, ikirudi mbele nacho kikiwa ndani, utakikumbuka.

Kwa wapenzi wa bunduki ya M1903 ya Springfield kuna onyo la uhai. Zilizotengenezwa kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000, na za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, chuma chake kilichomwa vibaya kiwandani na zimewahi kupasuka. CMP yenyewe inashauri zisifyatuliwe. Zining'inize ukutani, basi.

Bunduki yoyote ya zamani ipeleke kwa fundi apime nafasi kati ya bolti na chemba kabla ya risasi ya kwanza. Risasi za zamani za Ulaya ya Mashariki mara nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta peke yake hayaitoi. Pitisha maji ya moto siku hiyohiyo, kausha, ndipo upake mafuta. Ukichelewa, kutu itakutangulia.

Anayekusanya silaha za zaidi ya miaka 50 anaweza kuomba leseni ya mkusanyaji kwa ATF, dola 30 kwa miaka mitatu, akatumiwa silaha za kundi hilo moja kwa moja nyumbani pale jimbo linaporuhusu. Ni kwa mkusanyo wake, si leseni ya kufanyia biashara.

Nyumbani

Muuzaji analazimika kisheria kukupa kifungio pamoja na bastola. Kitumie siku hiyohiyo mpaka upate sefu ndogo yenye namba. Nyumba zetu zina wageni, watoto wa ndugu, vijana wanaokuja kula Idi au Krismasi. Juu ya kabati si mahali pa kufichia. Andika namba ya silaha na uiweke mbali na silaha yenyewe, ikiibwa upige ripoti mara moja. Na zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua. Mtu wa nyumbani kwako akipita kwenye giza la moyo, toa silaha nje ya nyumba kwa muda kwa njia ambayo jimbo lako linaruhusu, na namba 988, ya msaada kwa anayefikiria kujiua, hupokea simu usiku na mchana.

Usiifikirie kwenda nayo nyumbani Afrika Mashariki ndani ya kontena la vitu. Kuisafirisha nje bila leseni ni kosa Marekani, na kuiingiza bila kibali ni kosa Mombasa na Dar es Salaam. Kenya mwaka 2016 ilichoma hadharani silaha 5,250 kule Ngong. Ukirudi kwenu moja kwa moja, iuze kwa muuzaji mwenye leseni miezi kadhaa kabla ya safari, chukua risiti yenye namba ya silaha, na uihifadhi pamoja na hati zako za uhamiaji.